Mama Mkwe na Alama za Makaa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanilisha keki, mkanisifu kwa maneno ambayo hamkuwahi kuyatamka nikiwa bado nawasumbua kazini. Kisha mmoja wenu akauliza: Mzee Momanyi, mbona wazee wa huku wanakuita Mwalimu wa Ukuta? Mdomo ulikuwa umejaa keki, kwa hiyo nilicheka tu. Sasa nina muda, nina kalamu, na mke wangu amechoka kunikuta jikoni mwake. Basi nawajibu kwa maandishi. Atakayechoshwa na kusoma aende akanyooshe magoti ya wagonjwa, maana foleni najua ipo.

Niliingia hospitalini mwaka wa Uhuru. Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Nyamira, na mimi nilikuwa nimeomba kazi ya famasi kwa sababu niliona famasi kuna kiti. Nikaambiwa famasi imejaa, niende chumba cha mwisho nyuma ya dobi. Huko sikukuta kiti. Nilikuta godoro la katani, mifuko ya mchanga, chupa za maji za kunyanyua, mpira usio na upepo, na ukingo wa gurudumu la baiskeli uliotundikwa darini na kamba ikapitishwa juu yake. Nikadhani nimepotea nikaingia stoo.

Mwenye chumba alikuwa Bi. Desai. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini Kisii, na ukoo mzima ulitegemea kwamba binti atasimama kaunta. Yeye akaenda ng'ambo kusomea kunyoosha viungo vya watu, akarudi na cheti, akachukua tepu ya kupimia vitambaa pale dukani, akaanza kupimia mikono na miguu ya Wakisii. Tepu hiyo ndiyo kifaa cha maana kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Siku ya kwanza hakunifundisha neno lolote. Alinifunga mkono wa kulia ubavuni kwa bendeji, akasema, "Wewe nenda, fanya kazi. Jioni kuja."

Nilikula ugali kwa mkono wa kushoto, nikaumwaga. Nilikwenda msalani, na yaliyonipata kwenye vifungo vya suruali nitayaacha yalivyo. Jioni nilirudi nimenuna. Akanifungua akasema, "Sasa umejua kazi ya sisi. Mkono kama haifanyi kazi, inakuwa mti. Na mtu yuko na mti kwa bega, nani atamfungia kitambaa ya kichwa?" Nimehudhuria mafunzo mengi tangu hapo, mengine yakiwa na soda, lakini hakuna lililoniingia kama lile.

Kesi ngumu kuliko zote zilikuwa akina mama waliokatwa ziwa. Walikuja wamechelewa. Ziwa si jambo la kutajwa mbele za watu, kwa hiyo mama alianza na dawa za miti, akaenda kwenye maombi, akakaa kimya, na uvimbe ukimzidi ndipo akaletwa kwetu. Daktari Lowry, mpasuaji wetu, alikuwa mtu mwema mwenye nyusi nzito. Alikata kama walivyokata siku zile, ziwa na nyama ya chini yake hadi kwapani. Akimaliza, alitoa amri moja: mgonjwa alale, mkono ufungwe ubavuni, usitikisike.

Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kidonda, na hiyo hatukuipinga. Ya pili ilikuwa damu. Alisema uvimbe hula kwa damu, nao hujivutia mishipa yake wenyewe kama mtu anayechepusha mfereji wa jirani. Mtu akihangaika, moyo unakimbia, damu inakimbia, na kama kuna mabaki ya uvimbe mahali, umeyapelekea chakula hadi mlangoni. Bi. Desai alimjibu kwamba mwili usiotikisika huoza ukiwa hai. Waligombana kwa Kiingereza kwenye korido, kwa adabu kubwa, kisha kila mmoja alinitafuta peke yangu anieleze kwa Kiswahili kwa nini mwenzake ana makosa. Mimi niliwakubalia wote wawili. Nilikuwa bado kwenye majaribio.

Wagonjwa nao walikuwa na uamuzi wao. Mwanamke mmoja wa Birongo alifungwa mkono asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana kitanda kikawa kitupu. Tulimkuta nyuma ya jikoni, bendeji ameitundika kwenye mgomba, analimia mpishi bustani ya sukuma wiki. Alisema amechoka kutazama magugu dirishani. Daktari Lowry alishika kichwa. Bi. Desai alitaka kucheka, akageukia ukuta. Mkono wa yule mama ulipona vizuri kuliko wa waliotii, lakini msiniandikie kwamba hilo ni ushahidi. Huenda alikuwa tu mwanamke wa Birongo.

Katikati ya mambo hayo nilimwoa Nyaboke wa Nyaramba. Vijana wa siku hizi mnakula meza moja na mama wakwe zenu na kutaniana nao, kwa hiyo lazima niwaeleze chinsoni. Ni heshima ya kuoneana haya kati ya kizazi na kizazi, na kati ya mkwe na mama mkwe ndiyo kali kabisa. Humshiki mkono. Huingii chumba chake cha ndani. Mkikutana njiani, mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli kichakani. Kuutazama mwili wake, hata bega tu, ni jambo ambalo ukoo wako ungelisikia likisimuliwa hadi ukizeeka. Mimi nilimheshimu mama mkwe wangu Kerubo kwa miaka yote bila kuijua vizuri sura yake.

Basi fikirieni asubuhi ile niliyoingia wodi ya wanawake na mifuko yangu ya mchanga nikamkuta Kerubo kitandani. Alikuwa ameficha uvimbe hata kwa binti yake, mpaka mumewe alipomleta. Daktari alikuwa ameshamkata. Aliponiona alivuta blanketi hadi juu ya kichwa, zikabaki nyayo tu nje. Nami nilitoka kinyumenyume, nikagonga toroli la dawa, nikasikika hadi maternity.

Kidonda kilipona. Mkono haukupona. Ulivimba, bega likakaza, akawa hawezi kuunyanyua kufika kidevuni. Daktari Lowry alipouona alikunja nyusi, akasema sasa kidonda kimefunga, nianze mazoezi, lakini polepole. Bi. Desai alikuwa India kwenye arusi ya dada yake. Nilimwomba metroni anipe nesi wa kike nimwelekeze yeye, akanijibu kwamba manesi wake wana vidonda vya kuosha, na kwamba haya zangu si ugonjwa uliomo kwenye vitabu vyake. Nilibaki peke yangu na mkono wa mama mkwe. Nilijua kama hautanyanyuliwa sasa, utakuwa mti mpaka kaburini. Na Kerubo alikuwa mchumaji wa chai, mwenye miche yake mwenyewe aliyoipanda kwa mikono yake. Mchumaji wa chai asiye na mkono wa kulia ni mgeni katika shamba lake.

Zoezi lenyewe mnalijua. Mama husimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole, kimoja baada ya kingine, hadi pale bega linapokataa. Kesho yake anajaribu kupita pale. Shida ilikuwa mwalimu asiyeruhusiwa kumwona mwanafunzi. Nikakata shauri la kufundishia nje. Nilisimama chini ya dirisha la wodi, uani, nikalipa dirisha mgongo, nikaanza somo nikiyatazama mashuka ya dobi.

Kusema naye moja kwa moja pia kulikuwa shida, kwa hiyo tulimpata mjumbe. Kitanda cha pili alilala Bosibori wa Kenyenya, aliyekuwa ametolewa kidole tumbo, mwanamke mrefu ajabu, Mkatoliki, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Tulizungumza Ekegusii, nami nawafasiria.

"Mwambie Mama asogee karibu na ukuta," nilisema.

"Mkwe anasema usogee ukutani," Bosibori alimwambia jirani yake aliyekuwa hatua moja kutoka kwake.

"Mwambie mkwe nimesogea."

"Anasema amesogea! Na anasema una sauti ya kuamrisha."

"Sikusema hivyo," ilisikika sauti ya Kerubo.

"Umefikiria. Nimemfikishia."

Lakini nilihitaji kujua mkono unafika wapi. Nikachukua makaa jikoni, nikayaponda, nikayaweka kwenye kifuniko cha bati. Kerubo achovye vidole, apande ukuta. Halafu akienda kuota jua, mimi niingie wodini nisome alama. Mpango ulikuwa mzuri hadi leo naujivunia. Ulikuwa na kasoro moja tu, nayo ilikuwa metroni, ambaye ukuta wake ulikuwa umepakwa chokaa juzi. "Momanyi! Hii ni wodi ama ni jikoni ya nyanya yako?" Tuliafikiana kwamba kila Ijumaa nitaupaka chokaa upya mimi mwenyewe. Jumamosi hapakuwa na somo, maana Kerubo alikuwa Msabato na alisema mkono nao ni wa Bwana. Jumapili Bosibori hakufanya kazi ya ujumbe kwa sababu yake yeye. Ukuta wangu ukawa na mapumziko kuliko karani wa serikali.

Jumatatu alama zilikuwa usawa wa kifua. Jumanne, bega. Jumatano zilipita kichwa, nami nikaupigia saluti ukuta. Alhamisi zilikaribia dari. Nilikimbia kumweleza Daktari Lowry, akaja akatazama, akavua miwani akaipangusa, akatazama tena. Bosibori alikuwa anakohoa ndani ya shuka. Nilidhani ni mafua.

Bi. Desai alirudi kutoka arusini wiki iliyofuata. Nilimpeleka moja kwa moja mbele ya ukuta kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyemnunua. Alitazama alama mpya, zilizokuwa juu kama zile za Alhamisi. Akatazama nje, alikokuwa Kerubo ameketi juani, mwanamke mfupi kama kinu. Akatoa tepu ya dukani, akapima kutoka sakafuni hadi alama ya juu.

"Momanyi," alisema, "mama mkwe ya wewe ni twiga?"

Hata angekuwa mzima, hata angesimama kwenye kigoda, Kerubo asingefika pale. Mtu mmoja tu wodini angefika, na mtu huyo alikuwa ameanza kuvuta shuka usoni. Bosibori hakukana. Alisema Kerubo alimwomba, na yeye ni mtu wa heshima, angewezaje kumkatalia mama mkwe wa watu?

Bi. Desai alimrudisha Kerubo ndani, akavuta pazia. Mimi nilitoka kwenda kwenye kituo changu, chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta. Nilisikia akimwambia ajaribu kugusa kitambaa chake cha kichwa. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa mwanamke yule, kilio kidogo cha maumivu, kikakatwa katikati. Nilikuwa na hasira nyingi asubuhi ile. Ziliniisha palepale.

Ndipo Kerubo aliponisemesha mwenyewe, bila mjumbe, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mkwe, unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

"Daktari alisema hicho kitu kinakunywa damu. Wewe unaniambia niikimbize damu. Nikimwagilia mgomba wangu maji, gugu lililo chini yake halinywi?"

Nilikuwa na jibu la bega, la kiwiko na la vidole.

"Sijui, Mama," nilisema.

Bi. Desai aliagiza Daktari Lowry aitwe. Alikuja, akaulizwa swali lilelile la mgomba na gugu, Bosibori akilifasiri kwa Kiswahili na kuongeza gugu la pili la kwake. Daktari alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo metroni alilikataza. "Mama," alisema, "mimi nilisema vile nilifundishwa. Kama damu ya mazoezi inalisha hiyo ugonjwa, ama inapigana nayo, sijui. Hakuna mtu amejua bado." Nikamheshimu tangu siku hiyo. Si wengi wenye nyusi kama zile husema hawajui.

Bi. Desai alimalizia. "Gugu, mimi hajui. Ndizi, mimi najua. Bila maji, ndizi ya wewe inakufa tu."

Kerubo alivuta blanketi. Tukaondoka kila mtu na njia yake, nami nikadhani tumeshindwa.

Mchana wa siku ileile Nyaboke alikuja kumwona mama yake, na maziwa na ndizi za kuchoma. Mimi nilikuwa nje nikiosha kifuniko cha makaa, kwa hiyo nilisikia yote. Alitoa salamu za nyumbani, mmoja baada ya mwingine, hadi akafika kwa Moraa, mke mwenza wa mama yake.

"Mama mdogo Moraa anasema usiwe na haraka ya kurudi. Anakuchumia chai yako."

"Anachuma vipi?" aliuliza Kerubo.

"Anachuma tu, Mama. Kapu linajaa haraka."

"Nimekuuliza anachuma vipi."

Nyaboke, ambaye hajawahi kusema uongo hata unapohitajika, alijibu, "Majani manne. Wakati mwingine matano."

Kwa msiochuma chai: huchumwa majani mawili na chipukizi lake, basi. Anayechuma manne na matano anaunyonya mche, na wenye kituo cha kununulia majani wanayatupa mbele za watu yakiwa na jina la mwenye shamba. Blanketi lilitupwa. Nikasikia nyayo sakafuni.

"Bosibori! Leta hayo makaa."

"Mama, na kile kitu?" Nyaboke aliuliza kwa hofu. "Na damu?"

"Kama kitakunywa," alisema Kerubo, "kitakunywa nikiwa ndani ya chai yangu. Mkwe! Uko hapo nje?"

"Niko, Mama."

"Geuka."

"Nimeshageuka, Mama."

Jioni nilisoma alama mpya. Zilikuwa chini kabisa, usawa wa tumbo, hafifu, zinatetemeka. Lakini kidole cha mwisho kilikaa mbali na wenzake, kimepinda kwenda nje. Nilimuuliza Nyaboke, akaniambia mama yake alivunjika kidole hicho usichanani kwa mpini wa jembe. Hapo nikajua ni mkono wa nani. Zilipanda kwa shida. Siku nyingine hazikupanda, siku nyingine zilishuka, nami nje nikimsikia akisaga meno, nikiyatazama mashuka ya dobi huku machozi yananitoka, na wafua nguo wakidhani nimefiwa. Siku aliyojifungia kitambaa kichwani mwenyewe, wodi ilipiga vigelegele hadi metroni akaja kuzima fujo, akaona, akapiga na yeye.

Akaenda zake Nyaramba. Moraa, nasikia, alirudishiwa kapu lake siku ileile.

Tangu hapo kila mama aliyekatwa ziwa alipandishwa ukuta wangu, na jina likanishika. Na lile swali la gugu? Nasikia watafiti sasa wanawakimbiza panya wenye uvimbe kwenye magurudumu, na kwamba kwa baadhi yao uvimbe umekua polepole kuliko wa panya waliolala, na mishipa ya damu ikabadilika pia. Someni ninyi wenye macho. Panya si mtu, na mama mkwe mmoja si ushahidi. Ninachojua ni kwamba uvimbe wa Kerubo haukurudi wala sijui kwa nini. Wengine walipanda ukuta kwa bidii ileile na ulirudi. Niliwazika baadhi yao.

Yeye na mimi tulirudi kwenye chinsoni yetu kana kwamba hakujatokea kitu. Nikienda Nyaramba nilikaa uani, yeye akakaa ndani, chai ikaletwa na mtoto. Kila mara nilimtuma Nyaboke aulize mkono unaendeleaje, na kila mara jibu lilikuwa moja: "Mwambie mkwe aulize ukuta." Nilicheka. Nilidhani ananitania kwa ule ujanja wa Bosibori.

Kerubo alifariki mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati wa mvua, kwa homa ya mapafu, akiwa mzee. Wanaume wa kumbeba walikuwa wachache kwa sababu ya matope, na wazee wakasema mkwe aruhusiwe kuingia kusaidia. Hivyo ndivyo nilivyoingia chumba chake cha ndani kwa mara ya kwanza maishani.

Ukuta wa kando ya kitanda, uliokandikwa udongo mweupe, ulikuwa umejaa makaa. Alama juu ya alama, miaka kwa miaka, zilizofifia zikifunikwa na mpya, zote zikipanda kutoka usawa wa kifua hadi pale mkono wa mwanamke mfupi unapoishia. Kila safu ilikuwa na kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje. Za karibuni ziliishia chini kidogo, kama inavyokuwa kwa wazee. Chini yake, sakafuni, palikuwa na kifuniko cha bati.

Wenzangu walishika machela wakaningoja. Niliupa ukuta mgongo, kama ilivyokuwa desturi yetu, nikamwambia Nyaboke aliyesimama mlangoni:

"Mwambie Mama nimeona."